Ujumbe Aliounyamazisha Azizi

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla ya alfajiri. Kulsumu akakiinua upesi asije akamwamsha baba yake. Tangu mama azikwe, mzee hakupata usingizi ila saa hizo, na leo ilikuwa arobaini.

Wageni wangesomewa maneno ya mama mwenyewe: jinsi alivyofika Ufipa akiwa msichana, juu ya lori la chumvi, na ni koti la nani lililomfunika njiani. Aliyasema kitandani, Kulsumu akiyachapa. Kompyuta ya duka lao la Majengo aliibeba Azizi mpaka chumbani kwa mgonjwa, bila kuombwa.

Azizi alikuwa fundi wa kompyuta pale dukani. Kulsumu alikutana naye stendi, basi la Tunduma lilipoingia, Azizi akitetemeka ndani ya shati la mikono mifupi huku amekumbatia boksi la kompyuta.

"Kaka, sweta umelivalisha boksi?" Kulsumu alimcheka.

"Hilo halijazoea baridi yenu, dada. Mimi nitazoea."

Na alizoea, mpaka posa ikaanza kunong'onwa.

Asubuhi hiyo ya arobaini Kulsumu alifungua kompyuta. Maneno ya mama yaliishia Laela, lori likiwa limesimama kwenye mvua. Baada ya hapo, hakuna kitu. Akampigia Azizi simu, naye akaja mbio.

"Kila nilipohifadhi iliniambia 'tayari', Azizi."

Azizi aliitazama diski, kisha akakaa chini sakafuni.

"Diski ilikuwa inashindwa kuandika. Kiendeshi kilijua."

Kiendeshi ni programu ndogo aliyoiandika mwenyewe, ili kiini cha kompyuta, programu yake kuu, kiweze kuzungumza na diski ile kuukuu. Diski ikishindwa, kiendeshi hutuma ujumbe kwenye kiini, na kiini huupeleka kwenye kioo, mtumiaji ausome.

"Mbona mimi sikuuona tena?"

"Ulipotokea mara ya kwanza wewe ulilia, ukadhani umeiharibu kompyuta. Na mama alikuwa vile. Nikaona nisikuongezee. Nikakielekeza kiendeshi kiyameze makosa, kijaribu tena kimyakimya, kijibu 'tayari'."

"Ningelia," Kulsumu alisema taratibu. "Kisha ningechukua kalamu na karatasi. Mama alikuwa bado anasema, Azizi."

Azizi akanyoosha mkono kuelekea diski.

"Nenda," Kulsumu alimwambia.

Hakwenda mbali. Adhuhuri aliingia na kanzu yake nyeupe, akapiga goti mbele ya mzee, watu wote wakisikia.

"Shikamoo baba. Maneno ya mama yamepotea, na aliyeyapoteza ni mimi."

Kulsumu alisoma mpaka Laela, maandishi yakaishia hapo. Ndipo mzee, ambaye tangu mazishi hakuwa amesema zaidi ya salamu, akakohoa.

"Koti lilikuwa langu," alisema. "Mimi nilikuwa utingo wa lori lile."

Akaendelea kusimulia mpaka alasiri. Kulsumu aliandika kwa mkono. Hayakuwa maneno ya mama, lakini yalikuwa ya mtu aliyempenda.

Baada ya hapo Azizi alipiga simu dukani kila jioni, na Kulsumu aliiacha iite. Baridi ilikuwa imeanza kupungua Azizi alipokuja mwenyewe, akafuta vumbi kwenye kiti chake kama zamani, akaketi kwenye kompyuta.

"Chapa chochote. Hifadhi."

Kulsumu akachapa. Kioo kikaandika: *Diski imeshindwa kuandika. Sehemu hii haikuhifadhiwa.*

"Kiendeshi hakimezi tena," alisema. "Kila kosa linapita lilivyo mpaka kwako."

Kulsumu alisoma mara mbili. Machozi yalimlenga, akavuta kalamu.

"Na wewe? Umebakiza nini tumboni?"

"Nimepata kazi Mbeya. Naanza mwezi ujao. Nilitaka kukuambia nikishaondoka, usiumie." Akainamisha kichwa. "Na nataka kukuoa, ila baba yako namwogopa."

"Mbeya." Kulsumu alilirudia neno hilo polepole. Liliuma, lakini alikuwa amelisikia kutoka kwa Azizi mwenyewe, kwa wakati. Akamfunga kifungo cha sweta kilichokuwa wazi.

"Baba huamka baada ya alfajiri. Njoo kesho, Azizi. Na ukishakwenda huko, njoo tena. Hata ukiwa na habari mbaya, njoo."