Jina la Shamsia Kwenye Mfumo

Saa sita mchana kamili, kompyuta ilimkatalia Yasmini. Asubuhi nzima alikuwa amewahudumia watu wa Nyakitonto waliofuata mbegu, sasa mashine ikamwambia hana ruhusa ya kuona stoo. Siku ya tatu hiyo, saa ileile.

Duka la pembejeo analouzia ni la Salumu, hapa Kasulu. Alimwita Nestori, fundi kutoka Kibondo, mtu asiyetaka kusikia habari za mashetani. Nestori akarudisha ruhusa zote, kisha akafungua kumbukumbu za mfumo aone nani anaziondoa.

"Ni Shamsia," akasema. "Mwambieni aache."

Yasmini akainama. "Shamsia ni mke wa bosi. Tulimzika, huu ni mwezi wa pili sasa."

"Ihangane, mzee," Nestori akampa pole Salumu. "Sasa nani anatumia jina lake?"

Marehemu ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa mfumo, na Salumu hakuwa na moyo wa kumwondoa. Kila asubuhi aliliandika jina lile mwenyewe kuufungua mfumo, ndipo duka lifunguliwe; mchana hakuigusa mashine.

"Basi kila asubuhi unamwita," alisema Sheikh Abdalah, aliyeletwa kesho yake kusoma dua. "Marehemu haitiki, Salumu. Anayeitika ni jini, naye anakumaliza. Tazama ulivyokonda."

Adhuhuri ilipofika, harufu ya mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi aliyokuwa akijipaka Shamsia, ikapanda kutoka chini ya meza, na vitufe vikaanza kubonyea bila mkono, kimoja kimoja, huku Yasmini akihisi pumzi baridi shingoni, na Nestori akiishika rozari mfukoni, na Salumu peke yake akiisogelea ile baridi kama mtu anayeota moto.

"Futa," sheikh akanong'ona.

Salumu akajipa usimamizi, akalifuta jina la mkewe huku machozi yakimdondoka. Inauma, jamani. Vitufe vikatulia.

Wiki nzima duka lilikwenda vizuri. Jumatatu Yasmini akapiga simu Kibondo kwa sauti ya chini: amekataliwa tena. Nestori akaja, akafungua orodha ya watumiaji. Shamsia, msimamizi mkuu. Amesajiliwa na Salumu, saa kumi na moja alfajiri.

Salumu alikuwa amekaa pembeni ya mashine, shati linampwaya.

"Mzee, sheikh si alikwambia siyo yeye?" Nestori akauliza.

"Najua siyo yeye," Salumu akajibu taratibu. "Lakini nikimwita, anaitika."