Sweta la Mtu Aliye Hai

Basi la Iringa liliingia stendi ya Mbeya asubuhi ya baridi, mwezi wa saba mwaka wa hamsini na sita, vumbi limelipaka hadi kwenye vioo. Watu wakalikimbilia, huyu na kuku wake, yule na tenga la vitunguu. Tusekile hakukimbia. Alikaa kwenye mkeka wake, gauni la bluu lenye kola nyeupe, kitambaa safi kichwani, sindano za kufumia zikicheza vidoleni. Mbele yake zilipangwa kofia za sufu na soksi za watoto.

Kijana mmoja akashuka kutoka juu ya basi, kwenye mizigo. Alikuwa mrefu, kaptula ya kaki, shati jeupe ambalo pasi yake ilikuwa bado inaonekana baada ya safari yote ile. Akachuchumaa mbele ya kofia.

"Kamwene, dada."

"Hapa tunasema ugonile," Tusekile akajibu, macho kwenye uzi. "Kamwene yako uiache Iringa pamoja na pombe yenu ya ulanzi."

"Ungeitikia tu. Salamu serikali haijaitoza kodi bado." Akachukua kofia ya kijivu. "Hii itanitosha?"

"Kichwa hicho? Labda nitafute kondoo mwingine."

Kijana akacheka mpaka akakaa chini vumbini, shati lake jeupe na vyote. Tusekile naye, aliyekuwa ameapa kutocheka na matingo wa mabasi, akajikuta anacheka.

Jina lake lilikuwa Edmund. Alikuwa utingo, lakini utingo wake ulikuwa wa siku za kazi tu. Alichoajiriwa hasa ni kudaka mpira katika Ngurumo, timu ya kampuni ya mabasi, ambayo wachezaji wake walilipwa ili wacheze. Alilisema jina la timu kwa kifua mbele. Tusekile alilisikia kama maji ya baridi mgongoni, maana baba yake naye aliwahi kuidakia Ngurumo. Nyumbani kwao jina hilo halikutajwa, naye hakulitaja.

Basi lile likawa linamleta Edmund kila juma. Mara alileta nyanya za Ilula, mara mchele, mara maneno matupu, na hayo maneno ndiyo Tusekile aliyangoja zaidi.

"Watu wa ndizi mna mahari kubwa, nasikia."

"Nani kakuuliza habari za mahari?"

"Najiuliza mwenyewe huko juu ya mizigo. Hakuna wa kuongea naye ila mbuzi."

"Basi muoe mbuzi, Edi. Mtaelewana."

Lakini jioni Tusekile aliporudi nyumbani, chini ya mlima Loleza, kicheko kilimwisha mlangoni. Baba yake, Andendekisye, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, fimbo kati ya magoti. Miaka kadhaa nyuma alirukia mpira kule Iringa akaangukia mlingoti, nyonga ikavunjika. Timu ilimpa mkono na blanketi, ikampandisha kwenye basi. Sweta lake jekundu la kudakia walibaki nalo, wakasema ni mali ya timu, ingawa aliyelifuma ni mkewe, mama yake Tusekile, ambaye sasa ni marehemu.

Umaskini waliuzoea. Jambo jingine ndilo lililomtia Tusekile hofu, nalo lilianza masika ya mwaka ule. Baba yake alikuwa anafifia.

Hakuwa mgonjwa, ila alikaa juani akatetemeka. Kuku walipita juu ya miguu yake kama wanapita juu ya kuni. Damari, jirani yao, aliyekuwa hapiti bila kusimama nusu saa, sasa alipita na kumsalimia Tusekile peke yake, na macho yake yalipita pale kigodani kama hakuna kitu. Na jioni nyingine za Jumamosi mzee alikuwa na michubuko mbavuni, mibichi, wakati hakuinuka kutwa.

"Tata, umeanguka?"

"Sikuanguka, mwanangu. Kuna mtu amenivaa."

Tusekile alidhani ni maneno ya homa. Alimpaka mafuta, akampikia uji.

Ngurumo wakaja kucheza Mbeya. Edmund alimsihi aje amwone, naye akaenda, amevaa gauni lake la kanisani, amejitia manukato kidogo ya kuazima. Mpira ulianza jua likiwaka. Kabla ya mapumziko ukungu ukateremka kutoka Loleza, ukafunika nusu ya uwanja, watu wakawa wanasikia mateke zaidi ya kuyaona. Tusekile akasogea nyuma ya goli la Ngurumo ili amtazame mpenzi wake.

Ukungu ukapasuka kidogo. Edmund alikuwa amesimama golini, amevaa sweta jekundu lenye mstari mweupe kifuani. Katika mstari ule, upande wa moyo, palikuwa na safu moja iliyofumwa kinyume. Tusekile aliijua safu ile. Alikuwa mtoto mdogo magotini kwa mama yake, akavuta uzi, mama akakosea, akasema acha ibaki ili baba ajue ulinisaidia.

Kisha golikipa akagonga mlingoti mara mbili kwa ngumi, kama alivyofanya Andendekisye kila mara kabla ya mpira kupigwa. Na hapohapo, nyuma ya goli, mahali ambapo hakukuwa na mtu ila yeye, Tusekile akasikia sauti kavu ikisema, "Kushoto." Edmund akaruka kushoto, akadaka.

Watu walishangilia. Tusekile alikuwa amejishika mdomo.

Mechi ilipokwisha Edmund akamjia mbio, jasho linamtiririka. Tusekile akaligusa sweta. Lilikuwa la baridi, limelowa kama lililotoka mtoni.

"Umelipata wapi hili?"

"Si la timu? La golikipa wa zamani. Alikufa, Mungu amrehemu. Wakanirithisha masika haya, ilivyo desturi. Wakaninyoa nywele, tukanywa pombe, wakaniita kwa jina lake. Ni jina la huku kwenu, Andendekisye." Akatabasamu. "Halikauki hili, hata nilianike juani. Lakini lina bahati, mpenzi. Nikiwa nalo naambiwa pa kurukia."

"Huyo aliyekufa," Tusekile akasema, "nimemwacha nyumbani anakunywa uji."

"Tuse, usinitanie hivyo."

"Ni baba yangu. Mmemnyolea matanga baba yangu akiwa hai. Na wewe umemvaa, unajua, halafu unakuja kunichekesha sokoni."

"Sikujua. Naapa, sikujua."

"Unajua kurithi ni nini, au hujui? Anayerithi amekaa mahali pa marehemu. Kwa hiyo wewe sasa ni baba yangu, Edmund. Kamwene, baba."

Akaondoka ndani ya ukungu, na Edmund alipojaribu kumfuata alikuta milingoti ya goli upande ule na upande huu, asijue njia.

Juma lile Tusekile hakwenda stendi. Juma la pili Jailos, karani wa ofisi ya mabasi, mtu wa maneno mengi, alituma aitwe.

"Simu kutoka Iringa. Yule wako. Ongea upesi, na usilie juu ya mashine ya watu."

Tusekile akashika simu kwa mikono miwili.

"Mpenzi, usikate," Edmund akasema, sauti yake ikija na kupotea kama mtu aliye ndani ya pipa.

"Usiniite hivyo."

"Nimemuuliza Filemoni, nahodha. Yeye ndiye aliyenirithisha. Amekiri walijua baba yako hajafa. Anasema ilikuwa rahisi kusema amekufa. Mtu aliyekufa haulizwi anakula nini."

Tusekile akaibana simu sikioni. Kwenye simu mtu alikuwa anapumua, pole pole, kwa shida.

"Pumua vizuri, Edi, unanitisha."

"Si mimi. Nilidhani ni wewe."

Wote wawili wakasikiliza. Pumzi ikakaribia, halafu sauti kavu ikasema, "Kushoto."

Tusekile aliiachia simu ikaning'inia na waya wake. "Umemsikia?" akamuuliza Jailos, na Jailos akasema amsikie nani. Akakimbia hadi nyumbani. Baba yake alikuwa kigodani, macho yamefumba, ameinamia upande wa kushoto, midomo yake ikisema neno lilelile bila sauti. Tusekile alipomshika mkono, hakuona vizuri mkono ule unaishia wapi.

Jumapili, watu wametoka kanisani, basi likawaleta wageni wawili. Edmund alikuwa na shati lake jeupe, sweta amelikunja kwapani. Pamoja naye alikuja Filemoni, mtu wa makamo, koti na tai, kofia ya kizungu, akichechemea goti la kulia kwa namna ya mtu asiyetaka ionekane.

"Hodi. Tumekuja kumwona mzee," Filemoni akasema. "Yuko wapi?"

Andendekisye alikuwa mbele ya magoti yake.

"Tazama chini, kaka," Edmund akamnong'oneza. Yeye alikuwa amemwona, ingawa kwa kukaza macho, kama mtu atazamaye kitu nyuma ya moshi.

Filemoni akatazama, akaondoa kofia. Ilimchukua muda kumwona.

"Edmund anampa nguo yake, yaishe," akasema.

"Hayaishi kwa nguo," Tusekile akajibu. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, mikono mabegani mwake. "Wewe ulitamka kwamba amekufa. Wewe utamke kwamba yu hai, hapa, kwa jina lake. Na ukishatamka, mtu hai anakula. Anaugua, nyumba yake inavuja. Timu yenu itamtunza."

"Binti, unajua unachoomba? Nikisema huyu yu hai, kesho atakuja Philbert wa Igowole, mchezaji wetu wa zamani mwenye jicho moja. Kesho kutwa mwingine. Kiingilio cha uwanjani ni cha vijana wanaocheza. Wanalipwa wakicheza, wakiacha wamekwisha lipwa. Huo ndio mpira."

"Basi mwambie yeye," Edmund akasema. "Mwambie usoni kwamba mlimlipa nyonga yake."

Mzee akafungua mdomo. Sauti ilitoka kavu, mbali, kama kwenye simu. "Siombi, Filemoni. Niliwachezea, viwanja vikajaa, mabasi yakanunuliwa. Sitaki mnipe sadaka. Nataka tu nisizikwe kabla sijafa."

Filemoni akatazama pembeni. "Edmund, timu inakungoja Jumamosi. Bila hilo sweta wewe ni golikipa wa kawaida. Unajua hilo."

"Najua. Nitafungwa sana." Edmund akalibana sweta kwapani. "Lakini silivai tena, na golini sisimami, mpaka useme."

Hapo Damari akapita njiani na Biblia yake. Akasimama, akatabasamu. "Mugonile. Tusekile, leo una mgeni. Kijana mzuri, mrefu huyu. Amekuja peke yake toka mbali?"

"Tuko wawili, mama," Filemoni akasema. "Kamwene."

Damari hakugeuza hata shingo. "Mkaribishe ndizi, mwanangu, asilale njaa huyu mgeni wako mmoja," akasema, na kuendelea na njia yake.

Kuku akaja, akapita juu ya kiatu cha Filemoni, kile cha mguu unaochechemea. Akapita pole pole, kama anapita juu ya kuni.

Filemoni alikitazama kiatu chake. Akamtazama Damari akitokomea njiani. Kisha akapiga goti, lile bovu, likalia kama kijiti, akaishika mikono ya mzee.

"Andendekisye," akasema. "Tulikosea. Tulikunyolea matanga nawe uko hai. Hujarithiwa na mtu. Huyu ni Edmund, hana jina lako wala nafasi yako. Uko hai, na Ngurumo itakula na wewe. Wewe na Philbert na wengine. Fungu la kila kiingilio. Nasema mbele ya mwanao."

Edmund akalikunjua sweta. Wakamvisha mzee, mkono mmoja, mkono mwingine. Tusekile alishika pindo la sweta, akakuta limekauka, lina joto kama kitu kilichotoka juani.

Njiani nyayo zikarudi mbio. Damari alikuwa ameshika kifua.

"Baba Tusekile," akasema. "Mwee, ulisafiri wapi siku zote hizi, usiage majirani? Na huyu mzee mwenye tai ni nani?"

Andendekisye akacheka, akakohoa, akasema anataka chai yenye sukari. Edmund alibaki amesimama, mikono yake mipana haijui pa kukaa.

"Baba," akamwambia mzee, "sasa mimi si ndugu wa mtu yeyote humu ndani?"

"Si ndugu."

"Basi nitakuja na wazee wangu. Nasikia mahari ya watu wa ndizi ni kubwa."

"Muulize mwenyewe," mzee akasema.

"Huyu?" Tusekile alikuwa anafuta macho kwa kola yake nyeupe. "Huyu atachumbiwa na mbuzi wa juu ya basi. Mimi ninamfumia sweta tu, maana atafungwa sana, angalau asisikie baridi."

Walioana kabla ya masika. Edmund akasimama golini na sweta la kijani alilofumiwa na mkewe, akafungwa kidogo kuliko ilivyohofiwa, maana siku za mechi wachezaji wa zamani huwekewa viti nyuma ya goli, na Andendekisye hukaa pale na sweta lake jekundu akimwambia kwa sauti, watu wote wakisikia, aruke wapi.

Kiti cha mwisho hakikaliwi. Ni cha Philbert wa Igowole. Filemoni alimfuata mwenyewe na mfuko wa unga, akaambiwa na majirani kwamba mtu huyo hawamkumbuki vizuri, labda alihama, labda alikufa, hawakuona. Wakati wa ukungu kiti kile hulowa kabla ya vingine. Tusekile, akifika uwanjani, huwasalimia wazee mmoja mmoja kwa majina, na akifika pale mwisho husimama, hupiga magoti kidogo na kumsalimia naye, kisha hungoja kidogo, kama mtu anayepewa jibu.