Programu Isiyouliza Kama Imefika

"Programu yao inafuta hati zote saa tano kamili," Mkuu alisema kwa redio ya sikioni. "Polisi wanaingia dakika tatu baadaye. Wahi."

"Nimesikia."

Jasusi waliyemwita Sindano alipiga magoti mbele ya kompyuta ya ThinkPad kwenye chumba cha seva. Ovaroli ya fundi wa viyoyozi. Bastola ya Glock chini ya bisibisi, ndani ya boksi la vifaa.

Chumba cha pili, meneja wa kampuni ya mizigo alikuwa akinywa chai na mlinzi wake. Kampuni hiyo ilipitisha bunduki za magendo ndani ya makontena ya vigae. Kaka yake Sindano alijipenyeza humu kama karani ili awapeleleze. Wiki ya tatu sasa hajulikani alipo, na jibu lilikuwa ndani ya folda moja iliyoitwa hati.

Alipaswa kuogopa. Hakuhisi kitu. Tangu kaka apotee, moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Dakika mbili.

Kunakili kungechukua nusu saa. Kuizima programu kungeliza kengele kwenye simu ya meneja. Akafungua msimbo wake. Lugha ya C, mistari kumi na mmoja, kazi ya mtu mwenye haraka zake.

Kwanza amri ya chdir: hamia folda ya hati, kwenye diski nyingine. Kisha: futa kila kilichopo hapo ulipo.

Akausoma tena. chdir ikishindwa hurudisha hasi moja, na programu hubaki pale pale ilipokuwa. Bwana aliyeiandika hakuangalia jibu. Aliituma, hakuuliza kama imefika.

"Mkuu, fundi wao ni kichekesho."

"Sekunde ishirini!"

Akabadilisha jina. hati ikawa hatia. Herufi moja tu.

Saa tano.

Programu ikaitafuta hati, ikaikosa, ikafuta hapo hapo iliposimama. Palikuwa na msimbo wake na yenyewe tu. Ikajifuta.

Ng'ambo ya ukuta meneja akacheka. "Imekwisha! Waje sasa, watafute mpaka wachoke."

Wakaja. Mlinzi akatupa bunduki kabla hajaambiwa. Meneja akaulizia wakili.

Sindano akafungua hatia. Orodha ya kontena la arobaini na moja, safu ya mwisho. Jina la kaka, tarehe, na neno "amemalizwa".

Akafunga boksi la vifaa, akapita katikati ya polisi bila kugeuka. Nje jua lilikuwa kali. Simu ikaita.

"Mwanangu, kaka yako mmempata?"

"Tumempata, mama."

"Jamani! Basi nipike ya watu watatu?"

"Pika ya wawili, mama," alisema, akaendelea kutembea.