Mistari ya Kinoo

"Kilima kile mimi nakipanda huku napiga mluzi!" alitamba Chapchap. Wenzake walikuwa wamechoka hata kumbishia.

Mwalimu wa jiografia, aliyekaukwa na sauti, alikuwa amewaeleza kwamba zamani sana barafu nzito ilitambaa juu ya nchi hii, ikiburuta mawe yaliyochora mistari kwenye mwamba wa kilimani. Mistari kama hiyo iko pia ng'ambo ya bahari.

"Mingine inaonyesha barafu ilitokea upande wa baharini," alisema. "Na barafu nzito hivyo haizaliwi baharini ikapanda nchi kavu. Lakini ukiyarudisha mabara pamoja, kama yalivyokuwa zamani, mistari yote inatoka nchi kavu, mahali pamoja."

Kisha akawapa kazi: kila mwanafunzi apande kilima, atandike karatasi juu ya mistari, asugue kwa mkaa. Mwenye karatasi bora ataieleza mbele ya wazazi.

Jumamosi, Chapchap alifika chini ya kilima. Akakitazama, nacho kikamtazama. Miguu ikachoka kabla ya hatua ya kwanza. Akarudi nyumbani, akachukua kinoo, jiwe la kunolea visu la shangazi yake muuza nyama. Mistari tele! Akasugua mkaa, akakirudisha, akalala fofofo.

Karatasi yake ikashinda.

Siku ya wazazi, shangazi alikuja moja kwa moja kutoka buchani, mabega yamelegea.

"Nilipanda mpaka jasho likanitoka..." Chapchap alikuwa akieleza.

Shangazi akaisogelea karatasi iliyobandikwa ukutani. "Mwalimu, na ufa huu ni wa barafu?"

"Ndiyo, mama. Wa mamilioni ya miaka."

"Makubwa! Mbona kiliniponyoka kikapasuka mwaka jana tu? Hiki ni kinoo changu. Kumbe ndiyo maana nyama inatoka na masizi, wateja wananiuliza kama siku hizi nauza makaa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Chapchap akainama.

Mwalimu aliibandua karatasi taratibu. "Barafu ile hakuna aliyeiona, mwanangu. Mistari ndiyo mashahidi wetu. Ukichomeka shahidi wa uongo, hata wa kweli watatiliwa shaka. Kuchoka si kosa. Ungesema, tungepumzika, tukapanda."

Jumamosi iliyofuata Chapchap alipanda na shangazi yake. Karatasi ya kweli ikabandikwa kwenye ramani ya mabara darasani.

"Na safari hii sikupumzika hata kidogo!" aliwaambia wenzake.

"Basi pokea chupa yako ya maji," ilisema sauti ya uchovu mlangoni. Alikuwa shangazi. "Uliisahau kwenye begi langu, ulipolala pale kwenye pumziko la pili."