Mikono ya Sweta

Jumapili jioni, saa kumi na mbili na dakika chache, nilitoka nyumbani kwenda chumba cha ushonaji kuchukua sweta langu. Basi. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mwenye tumbo lililonipatia jina la Tufe kwa wanafunzi wangu wa jiografia, anakwenda kuchukua sweta. Ningejua, ningebaki nikisahihisha mitihani, kazi ninayoichukia kuliko kung'olewa jino.

Lakini nianze na habari ya sweta lenyewe.

Muhula ule shule yetu ya bweni ilivamiwa na mtindo. Mitindo nimeiona mingi. Nimeona suruali zinazobana mpaka mvulana anakaa kwa awamu. Nimeona nywele zilizosimama kama zimepata habari mbaya. Huu ulikuwa wa mikono ya sweta. Wanafunzi walifumua ncha, wakaunga kipande kingine cha sufi, mkono ukafunika vidole vyote na kuning'inia. Wenyewe waliuita popo. Ilipofika paredi ya Jumatatu, kengele ikigongwa na mistari ikinyooka, unatazama mbele yako unaona mamia ya mikono isiyo na viganja.

Aliyeuleta ni msichana wa kidato cha tatu aliyehamia kwetu mwanzoni mwa muhula. Alikuwa mkimya, na kwa vijana mtu mkimya ni mtu wa maana. Walimwita Mgeni, jina likamganda. Ndani ya wiki tatu popo walikuwa shule nzima, akiwemo binti yangu, ambaye tunaishi wawili tu kwenye nyumba ya walimu nyuma ya maktaba tangu mama yake atutoke.

Mwalimu mkuu alipiga marufuku. Tukanyang'anya masweta, wakashona mengine. Kwenye ukaguzi wa kucha walirudisha mikono nyuma nusu, wakaonyesha ncha za vidole, wakaficha upesi. Vidole vingi vilikuwa vya kijivu. Nikasema ni baridi ya msimu. Wiki hiyohiyo binti yangu alijimwagia chai ya moto vidoleni, akaendelea kumimina mpaka nilipomshika mkono. Akasema alikuwa anawaza mambo mengine. Nikaamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Kwenye kikao cha walimu nikatoa shauri langu. Niliwaambia kwamba mimi niliendesha malori ya masafa marefu kabla ya kushika chaki, nimevuka mipaka saba, na kote nilikopita jambo hili ni moja: mtindo wa vijana hauuawi kwa adhabu. Unakufa siku mzee mmoja anapouvaa. Wenzangu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mwalimu mkuu akasema kazi hiyo inanifaa kwa umbo na kwa akili. Nikaacha sweta langu la kijani chumba cha ushonaji, liongezwe mikono.

Ndilo nililokwenda kuchukua.

Ukumbi wa madarasa ulikuwa mtupu. Nikasikia cherehani kabla sijafika mlangoni.

Tik... tik... tik...

Taratibu. Kama mtu anayeshona huku anasikiliza kitu.

Taa haikuwa imewashwa. Mwanga wa mwisho wa jua uliingia dirishani, mwekundu, ukaishia mguuni pa meza. Kulikuwa na harufu. Udongo uliolowa, na chini yake kitu kama kucha zilizoungua.

Mgeni alikuwa ameketi kwenye cherehani, sweta langu mbele yake. Mikono yake iliyoning'inia ilisukuma kitambaa bila kidole kuonekana.

Nikamwambia, kwa utani wangu wa siku zote, kwamba atapofuka nikose wa kumlaumu.

"Funga mlango, mwalimu," akanong'ona. "Muda wake umefika."

"Muda wa nani?"

Aliuinua mkono wake wa kushoto, akashika ncha ya sweta kwa meno, akaivuta nyuma.

Sitausahau mkono ule. Ulikuwa wa kijivu mpaka juu ya kifundo, ngozi imesinyaa kama ya maiti aliyecheleweshwa kuzikwa. Kucha mbili hazikuwepo. Na mgongoni mwa kiganja kulikuwa na alama nne zilizozama ndani ya nyama.

Alama za vidole.

Vidogo. Vya mtoto wa miaka minne, mitano.

Akanisimulia kwa sauti ya chini, macho yake dirishani. Kwamba kwao yupo anayekuja jua likizama. Hana sura. Hasemi. Anakuja kumshika mkono tu, kama mtoto anayesubiri kuvushwa barabara, na anapomshika, nyama inakufa. Kwamba bibi yake alikwenda kwa waganga akaulizia, akarudi na sharti moja. Aufiche mkono. Atakayeficha wake vilevile, kwa hiari yake, bila kulazimishwa, atashikwa pamoja naye.

"Wakiwa wengi, mwalimu, kila mmoja anashikwa kidogo tu."

"Na wakiacha?"

"Anabaki na aliyebaki."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nikasikia pumzi zetu. Mbili. Halafu nikahisi kama nimesikia ya tatu, fupi fupi, chini karibu na meza...

Nikamuuliza kuhusu binti yangu.

"Yule anampenda sana," Mgeni akasema. "Hata mimi siku hizi ananiacha, anakwenda kwake kwanza."

Nilisimama pale, mimi niliyelala porini peke yangu chini ya lori huku fisi wakizunguka magurudumu, na nilichoweza kufanya ni hesabu tu. Hesabu yake ilikuwa wazi hata kwa mwalimu wa jiografia. Kesho nikilivaa sweta hili, hadi mchana hakuna mtoto atakayetaka kufanana na mimi. Binti yangu angepona, na wa kubaki ningekuwa mimi. Nisipolivaa, wangeendelea kugawana, na yeye angeendelea kupendwa zaidi.

Mgeni hakuniomba. Nakiri hilo kwa haki yake. Alilisogeza tu sweta juu ya meza, kwa kiwiko, mpaka likafika mbele yangu.

Nikalichukua.

Jumatatu nilipanda jukwaani nikiwa nimelivaa. Nilitangaza ratiba ya usafi nikipunga mikono kama kunguru mwenye mafua. Nikazunguka mara moja ili wanione na nyuma. Nikawaambia nimejiunga rasmi na popo, na nyumbani nalala nikining'inia darini kwa mguu mmoja. Mwanzoni walicheka. Kisha kicheko kikakatika, nikaona haya ikitembea kwenye mistari, uso hadi uso. Msichana mmoja akakunja mkono wa sweta. Halafu jirani yake. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu ambayo ni baba tu anaweza kumpa mwanawe, na alikuwa anakunja, anakunja, mpaka kwenye viwiko.

Wa mwisho alikuwa Mgeni. Alinitazama. Akaipandisha mikono yake polepole.

Ilikuwa mizima. Laini. Kucha zote kumi.

Jumatano bibi yake alikuja na barua ya uhamisho. Mwanamke mfupi, nadhifu. Alisaini kila karatasi, akamshukuru mwalimu mkuu, na hakunitazama usoni hata mara moja. Mpaka leo sijui kama mtoto yule alinikuta kwa bahati, au alikaa gizani jioni ile akimsubiri mtu mzima mpumbavu mwenye moyo mwepesi.

Mimi sweta nililivua palepale baada ya paredi, nikalitupa uvunguni. Jioni nikaketi kusahihisha. Jua likazama.

Kitu kikaingia kwenye kiganja changu cha kushoto.

Kidogo. Kibichi. Baridi.

Kikashika.

Sikupiga kelele, kwa sababu binti yangu alikuwa jikoni akikaanga mayai, na ghafla nikamsikia akilalamika kwamba amejiunguza kidole. Amehisi moto! Nilicheka peke yangu mezani, machozi yakinitoka, mkono wa kushoto nimeuacha ulipo.

Imekuwa hivyo kila jioni. Alhamisi moja nilikuwa natembea kuelekea getini, kwa hatua fupi fupi, maana siku hizi siwezi kwenda haraka. Mlinzi akanisalimia. Kisha akainama kidogo, upande wangu wa kushoto, akaanza kuuliza, "Na wewe hujam..." Akakatiza katikati. Akajinyoosha, akaingia kibandani, akafunga mlango. Hatujalizungumza.

Kijivu kilipofika kwenye kifundo, nikalitafuta sweta uvunguni nikalivaa tena. Ningefanya nini, na walimu wanapeana mikono kila asubuhi? Wanafunzi wananicheka waziwazi sasa. Wanasema Tufe amepitwa na wakati, popo wote wamekwenda zao, yeye ndiyo kwanza anaruka. Nacheka nao. Wacha wacheke, hakuna anayetamani kuniiga.

Jana jioni nilikuwa mezani. Binti yangu akatoka chumbani, mikono nyuma, akasimama mbele yangu na ule uso wa mama yake alipokuwa ameshaamua jambo.

"Leo nimegombana na watu wawili darasani, baba. Kwa ajili yako."

Nikamwambia asijali, mimi nimezoea, ngozi yangu ni ya tairi.

"Hapana," akasema. "Hutachekwa peke yako."

Akaleta mikono mbele. Alikuwa ameshona vizuri kuliko Mgeni, mshono umenyooka, sufi ya rangi ileile ya kijani kama ya sweta langu. Mikono ikaning'inia. Akaitikisa, akanitabasamia.

Nilifungua mdomo nimwambie afumue. Afumue sasa hivi.

Nje jua lilikuwa limeshazama.

Na vidole vyangu vya kushoto, kimoja baada ya kingine, vikaanza kupata joto.