Mmea wa Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kiherehere alifungua dirisha la chumba cha ushonaji, akafagia nyuzi zilizotapakaa chini ya cherehani, kisha akaumwagilia mmea wa shangazi kikombe kizima cha maji. Jina hilo la utani alipewa na shangazi mwenyewe, kwa sababu kazi ya kesho yeye alitaka aimalize leo.

Shangazi, fundi wa nguo za harusi, alikuwa amesafiri kumsaidia binti yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alimwita Kiherehere mbele ya mmea ule wenye majani mapana, ya kijani kilichoiva.

"Huu nilikata kipando chake kwenye mmea wa marehemu bibi yako," alisema. "Ule wa kwake ulishakufa, umebaki huu tu. Upe maji udongo ukikauka. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, shangazi."

Kusikia alisikia, ila akaona kungoja udongo ukauke ni uvivu. Siku moja maji yalipenya kwenye tundu la chini ya chungu, yakachuruzika nusura yalowanishe gauni la mteja. Kiherehere hakupoteza muda. Aliokota mabaki ya vitambaa, akayasokota, akalishindilia lile tundu mpaka lisitoe hata tone. Akajipongeza.

Haukupita muda mrefu, majani yakaanza kugeuka manjano, moja baada ya jingine, kisha yakalegea kama nguo iliyoanuliwa mbichi.

"Una kiu," Kiherehere alijiambia, akaongeza kikombe cha jioni.

Kaka yake alisimama mlangoni akitafuna kipande cha mkate. "Hapo maji yamezidi unga, dada. Nunua ua la plastiki uweke pale. Halinywi, halifi, wala halisemi kwa shangazi."

"Shangazi ataligusa."

"Basi mwambie jua lilikuwa kali. Jua halina mdomo wa kujitetea."

Kiherehere alicheka kidogo, lakini usiku ule hakupata usingizi mzuri. Uongo wa jua ulikuwa mwepesi kuutamka. Tatizo ni kwamba mmea ungeendelea kufa huku yeye akiendelea kusema uongo, na kipando kingine cha bibi hakikuwapo popote. Asubuhi alipiga moyo konde, akaomba simu ya mama.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, Kiherehere wangu. Mbona sauti imepooza?"

"Mmea unakufa. Nadhani nimeuharibu mimi."

Kwa mbali kitoto kichanga kililia, kikabembelezwa.

"Haya, tuutazame pamoja," shangazi alisema. "Ingiza kidole kwenye udongo. Umekauka?"

"Umelowa chapachapa."

"Na maji yanatoka chini?"

"Hayatoki. Niliziba tundu kwa vitambaa, yasiloweshe gauni la bibi harusi."

Shangazi aliguna, halafu, ajabu, akacheka. "Umeuzibia choo kisha unaulisha! Mizizi nayo inapumua, mwanangu. Ikikaa ndani ya maji inaoza, na mzizi uliooza haunywi. Ndiyo maana majani yamelegea kama yenye kiu. Sasa nisikilize vizuri, na usiruke hatua."

Kazi ikaanza uani. Kiherehere aliutoa mmea polepole, akautikisa udongo. Harufu ya uvundo ikampanda puani. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, laini, ikivunjika vidoleni, lakini katikati ilibaki michache myeupe, migumu. Akanyoosha mkono kuchukua mkasi mezani.

"Mkasi wa kukatia nguo?" kaka alishtuka. "Unataka shangazi atuzike na huo mmea?" Akakimbia jikoni, akaleta kisu, akakiosha bila kuambiwa.

Walikata mizizi yote iliyooza na majani ya manjano. Walizibua tundu, wakakiosha chungu, wakaweka udongo mpya uliochanganywa na mchanga, wakaupanda mmea. Waliutia maji kidogo, wakaliacha tundu liyatoe yaliyozidi kwenye sahani. Kisha wakauweka karibu na dirisha, pasipo jua la kuunguza.

Ikabaki kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kitu. Kila asubuhi Kiherehere aligusa udongo. Ukiwa na unyevu, aliondoka. Mmea ulibaki na majani machache tu, ila yalisimama. Hatimaye, ubavuni mwa shina, likachomoza jani dogo lililojikunja kama karatasi.

Shangazi aliporudi alienda moja kwa moja dirishani hata kabla ya kutua begi. Aliutazama mmea uliopungua, akalikuta lile jani jipya likianza kujikunjua.

"Samahani, shangazi. Ulikuwa mzuri zaidi," Kiherehere alisema.

"Ulikuwa mkubwa zaidi." Shangazi alimvuta karibu. "Kukosea kila mtu hukosea. Ila uliponiambia ukweli, mizizi mizima ilikuwa bado ipo. Ungenificha mpaka leo, tungekuwa tunatupa udongo. Na siku nyingine, kabla hujamsaidia mtu au mmea, chunguza kwanza anahitaji nini. Bidii isiyouliza inaua."

"Nimeelewa."

"Basi mmea ukishanenepa, tutakata kipando, uwe na wako."

Kiherehere akafungua mdomo kuuliza kama kesho inafaa. Akaufunga, akapokea begi la shangazi.