Mchana Mmoja wa Jumatano

Mikono miwili ilitua juu ya kijitabu kimoja. Ilikuwa Jumamosi, soko la Portobello jijini London limefurika watu, mvua ya manyunyu inanyesha, na harufu ya soseji na vitunguu imetanda kila mahali. Mkono wa kwanza ulikuwa mwembamba, wenye alama za sindano kwenye ncha za vidole. Ulikuwa wa Winifred Aldous, au Winnie kama alivyozoeleka, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, mwanamke wa miaka thelathini na minne, aliyevaa koti la kijani alilolishona mwenyewe. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu mwenye skafu ya rangi ya haradali, imefumuka upande mmoja.

"Samahani dada, nimekiona kwanza," alisema yule mwanamume.

"Umekiona. Mimi nimekishika."

"Basi endelea kukishika, mimi nalipa."

"Kumbe kwenu ndivyo mnavyotongoza?"

"Kwetu Oldham hatutongozi. Tunasimama karibu na mtu mpaka achoke kutufukuza."

Winnie alijaribu kununa, akashindwa. Kijitabu kilikuwa cha onyesho la mwaka 1953 la *Mke wa Kukodi*, ile tamthilia ya kuchekesha kuhusu kijana anayekodi mke wa siku tatu ili amdanganye shangazi yake tajiri.

"Unakitakia nini?" aliuliza yule mwanamume.

"Bibi yangu aliigiza humo. Mwigizaji mkuu aliumwa, bibi yangu akashika nafasi yake siku tisa. Nawe?"

"Naitwa Ned Garside. Mimi ndiye yule mwendawazimu anayeirudisha jukwaani mwezi wa kumi."

Wendawazimu wenyewe ulikuwa na sababu. Mwaka 1926 tamthilia hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, London ilicheka miezi kumi na minne mfululizo. Mwaka 1953, watu waliochoshwa na vita na mgao wa vyakula walipanga foleni tena. Lakini ilipofufuliwa mwaka 1978 ilidumu majuma mawili tu, watazamaji wakakaa kimya kama wako msibani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu.

Walikunywa chai pamoja mchana ule. Wiki iliyofuata Ned alimpigia simu.

"Winnie, nina mke wa kukodi ambaye hana nguo."

"Mfunike na skafu yako, ingawa itamfunika nusu."

"Njoo unishonee. Na skafu pia."

Alikwenda. Ukumbi ulikuwa mdogo, huko Islington, na chumba cha mavazi kilikuwa chini kabisa, kina joto la pasi. Winnie alishona gauni la hariri la rangi ya pichi lenye shanga kifuani. Ned akawa anashuka kila saa kuulizia vifungo ambavyo havikuwa na shida yoyote. Kufikia mwezi wa nane walikuwa wakitembea kando ya mfereji wameshikana mikono.

"Mpenzi, una uzi kwenye nywele."

"Uache. Ndio unaonishikilia nisikimbie."

Siku moja mezani Ned alimwahidi kwamba historia ya tamthilia, ambayo yeye mwenyewe angeiandika kwenye kijitabu cha onyesho, ingemtaja Bibi Dorothea.

Mwezi wa tisa kijitabu hicho kilitoka kwa wachapaji. Winnie alikisoma akiwa amesimama, pini mdomoni. Aliyapitia majina yote ya mwaka 1953, hata la aliyevuta pazia. Jina la Dorothea Aldous halikuwamo. Akatema pini, akapanda ngazi.

"Jina la bibi yangu liko wapi?"

Ned aliinamisha kichwa. "Nimetafuta, Winnie. Magazeti, makumbusho, barua za ukumbi. Hakuna mahali linapotajwa. Wachambuzi wananisubiri kwa mapanga. Nikiandika jambo lisilo na ushahidi..."

"Kwa hiyo bibi yangu ni mwongo."

"Sijasema hivyo."

"Umeandika hivyo. Na hukuwa na ujasiri wa kuniambia kabla, ukaniacha nisome kama mpita njia."

Gauni la hariri lilikuwa limekamilika. Winnie alilitundika, akachukua mkasi wake, akaondoka. Simu iliita jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Hakupokea. Mara ya mwisho Ned aliacha ujumbe mfupi: "Kuhusu kukuambia, nilikuwa mwoga. Una haki." Winnie aliusikiliza mara tatu, na bado hakupiga.

Bibi Dorothea alikuwa na miaka tisini na miwili, akiishi kwenye nyumba ya wazee huko Lewisham. Winnie alimtembelea kila Jumapili, na hakumwambia neno kuhusu kijitabu. Lakini wiki ya pili alipopiga simu kuuliza hali, muuguzi alicheka.

"Bibi yako hana nafasi siku hizi. Ana mgeni wake wa Jumanne. Mrefu, ana skafu mbovu."

Jumanne saa nane mchana Winnie alifika bila kubisha hodi. Alimkuta Ned amepiga magoti mbele ya meza ndogo, birika mkononi, na Bibi Dorothea anamkaripia kutoka kwenye kiti chake.

"Kijana, mbona unaitazama sukari? Sukari inakudai nini?"

Ned alipomwona Winnie alitaka kusimama. Bibi akamzuia kwa fimbo.

"Baki hapohapo. Na wewe mjukuu wangu, kaa. Nimeshajua mmegombana, alinieleza mwenyewe siku ya kwanza. Alikuja kuniomba radhi kwa sababu wewe hupokei simu."

Winnie akakaa, koti bado mwilini.

Bibi alieleza. Katika sehemu ya pili ya tamthilia shangazi tajiri anamwambia mke wa kukodi amtilie mumewe sukari. Maskini hajui mumewe anatumia vijiko vingapi. Maandishi yanasema tu, "Anatia sukari." Mwaka 1978 waigizaji walirusharusha sukari jukwaa zima, na hakuna aliyecheka.

"Sisi hatukuitazama sukari," alisema Bibi. "Unatia kijiko kimoja huku unamtazama mwanamume usoni. Kimya. Unatia cha pili. Unasubiri jicho lake likuambie. Wakati ule sukari ilikuwa bado ya mgao, watu ukumbini walibana pumzi. Nilifikisha vijiko saba. Walicheka mpaka nikasahau mstari uliofuata."

"Siku zote tisa, Bibi?" aliuliza Winnie.

Yule mzee alikunjua kitambaa mapajani, akakikunja tena.

"Haikuwa siku tisa, mwanangu. Ilikuwa mchana mmoja wa Jumatano. Usiku ule mwigizaji mkuu alishapona. Baba yako alipokuwa mdogo nilimwambia tatu, aliponiuliza tena nikasema tisa. Baadaye niliona haya kupunguza."

Winnie alikuwa amempoteza mpenzi wake kwa ajili ya siku nane ambazo hazikuwahi kuwepo. Alimtazama Ned, akitazamia kumwona amefurahi kushinda. Macho ya Ned yalikuwa na machozi.

"Amekumbuka kila hatua aliyopiga mchana ule," alisema taratibu. "Hadi ubao uliolia. Mimi nilikwenda kutafuta karatasi."

"Na mimi nilikutukana bila kumuuliza mwenyewe."

"Ulinitukana kwa kukuficha. Hilo nilistahili."

"Semeni upesi," alisema Bibi, "chai inapoa."

Usiku wa ufunguzi ukumbi ulijaa. Bibi Dorothea aliketi mstari wa tatu, kwenye kiti cha magurudumu, amevaa blauzi ya zambarau na lulu. Kijiko cha kwanza kilipoingia kikombeni, kimya. Cha pili, mtu mmoja nyuma akaguna. Cha nne kicheko kikaanza ghorofani, kikashuka, na kufikia cha saba watu walikuwa wanajipangusa machozi. Bibi hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa midomo.

Baadaye, teksi ikimsubiri Bibi barabarani, Ned alimshika Winnie mkono kando ya mlango.

"Jumatatu tunaipeleka tamthilia Manchester, wiki sita. Sitaki kwenda bila kukuuliza. Utaolewa na mimi?"

Winnie alimtazama. Uso wake ulikuwa mwekundu, tai imepinda upande.

"Umelewa makofi, Ned. Nenda ukalale. Niulize kesho saa nne asubuhi, ukiwa umekula."

Kesho yake simu iliita saa tatu na nusu.

"Umewahi."

"Nimekula mayai mawili. Nimelala saa tano nzima. Makofi yameisha, nasikia jirani anafagia tu."

"Na bado unataka?"

"Zaidi ya jana."

Winnie aliketi kitandani, akavuta blanketi mabegani.

"Basi uliza vizuri. Taratibu, nisikie kila neno."

Ned akauliza. Winnie akasema ndiyo kabla hajamaliza.